Mvua ya Kule Haingojwi

Mteja akiniambia anasafiri ng'ambo, simwonyeshi koti lolote kabla hajaniambia anakwenda wapi hasa. Wengi hujibu "majuu", kana kwamba majuu ni mtaa mmoja na baridi yake ni moja. Huyo namkalisha juu ya robota la nguo, namuuliza: huko uendako, bahari iko karibu au iko mbali? Wengine huchukia. Mtu amekuja Rhonda, mtaa wetu hapa Nakuru, kununua jaketi la mtumba, ana haraka zake, na mama wa kibanda anamletea mtihani wa jiografia. Basi na aende kwa jirani. Jirani atamuuzia koti la manyoya zito kama godoro, na atakuja kulijutia mwenyewe.

Mimi nimeishi huko. Nilikwenda kuhudumia wazee kwenye nchi ya kisiwa, upande wa magharibi kabisa, mahali ambapo bahari ndiyo inayoamua kila kitu. Haiachi joto lipande, wala haiachi baridi ishuke sana. Miezi yao ya baridi nilivaa vile ningevaa kwenye baridi ya Molo mwezi wa saba, nikaongeza sweta moja. Theluji niliiona asubuhi mbili tu, na kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imegeuka matope. Na wakati wao wa joto, siku ile wanayovua mashati na kujilaza kwenye nyasi wakilalamika kwamba wanaungua, ni siku ambayo hapa Nakuru tungesema kumepoa vizuri. Kinachobadilika sana ni mwanga. Mwezi wa kumi na mbili giza linaingia saa kumi jioni, na mwezi wa sita, saa nne za usiku bado unaweza kutia uzi kwenye sindano ukiwa nje.

Lakini hayo yote ni maelezo ya pembeni. Habari yenyewe ya kule ni mvua.

Mvua yetu ina adabu, inabisha hodi. Mawingu yanasimama juu ya mlima Menengai, upepo unainua vumbi, udongo unanukia, akina mama wanakimbilia nguo kwenye kamba, ndipo mabati yanaanza kulia mpaka hamsikizani ndani ya nyumba. Inapiga saa moja, pengine mbili, inakwenda zake, jua linatoka. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na walisema kweli, ila hawakuwa wamefika kule. Kule mawingu yapo kila siku ya Mungu na si dalili ya chochote. Mvua yenyewe haina radi wala kishindo. Ni nyembamba, unaweza kudhani ni umande umechelewa. Inakuja kwa ubavu pamoja na upepo, inaingia kwenye kola, inaingia kwenye mkono wa jaketi, na mwavuli ukiufungua upepo unaugeuza bakuli. Kwenye mapipa ya taka ya mji ule nilikuwa naona miavuli iliyovunjika mbavu, imetupwa. Na haiishi. Inaweza kuanza Jumatatu ukienda kazini na Alhamisi ikawa bado iko, haijazidi wala haijapungua.

Sasa nieleze vile sisi tulivyo, maana bila hilo hamtanielewa. Hapa kwetu mvua ni sababu. Ukichelewa kanisani, ukichelewa kwenye chama, ukichelewa hata mazishi, ukisema "mvua" hakuna atakayekuuliza swali la pili. Ikianza, kila mtu anaingia chini ya varanda ya duka lililo karibu. Mnasimama watu msiojuana, bega kwa bega, mnasimuliana habari za barabara na bei ya unga, na ikiisha kila mtu anashika njia yake. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, nikalelewa hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kungoja mvua iishe ni tabia. Nilidhani ni akili.

Basi kule nilingoja. Kutoka chumba changu hadi kwenye nyumba ya wazee palikuwa na mwendo wa dakika ishirini na tano, na katikati palikuwa na kibanda cha kituo cha basi. Ikininyeshea naingia pale, najikunyata, nangoja ipungue. Haipungui. Nachelewa. Nilionywa kwa mdomo, nikaonywa kwa barua, na kila mara nilijitetea kwa moyo safi kabisa. Asubuhi moja nilikaa pale zaidi ya saa nzima. Kuna bibi mmoja mzee niliyekuwa nikimwamsha, nikimvisha na kumlisha uji. Bibi huyo alikaa na nguo mbichi akiniita jina langu, maana zamu ilikuwa yangu na hakukuwa na mwingine wa karibu. Msimamizi aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema, "Mvua." Akatazama dirishani, akanitazama mimi, akauliza kwa dhati, "Mvua gani?"

Nilifutwa kazi mwezi wangu wa kumi na moja, kwenye kandarasi ya miaka miwili. Nilirudi nyumbani nikasema kandarasi imeisha. Nilifungua kibanda cha jaketi, nikasema nimechoka na majuu, na watu wakaniamini. Nilikaa na uongo huo miaka mingi, na ulinikaa vibaya.

Halafu ikaja zamu ya binti yangu. Yeye ni muuguzi, kifungua mimba wangu, amesoma akamaliza, na kwa miaka mitatu alikuwa akituma maombi bila kupata kituo, akibangaiza zamu kwenye kliniki za watu. Alianza kunyamaza. Mtoto aliyekuwa akiimba akiosha vyombo alikuwa anaviosha kimya, na mimi nilikuwa nikimsikiliza kutoka chumba cha pili na moyo unaniuma. Ndipo mwezi wa pili ukaja ujumbe kwenye simu yake: wageni kutoka nchi ileile niliyokaa mimi wanatafuta wauguzi, na watawahoji waombaji Nakuru, kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini, mwishoni mwa mwezi wa nne. Wanakuja siku moja, jioni wanarudi Nairobi. Kikundi chake kiliitwa saa tisa alasiri. Walikuwa wameandika wazi kwamba saa tisa mlango unafungwa.

Saa tisa alasiri, mwezi wa nne, Nakuru. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Aliyepanga saa hiyo hajui mvua yetu inafika saa ngapi.

Wa kwanza kuleta msaada alikuwa kaka yangu. Yeye ni dereva wa lori, na Mai Mahiu, kule mteremkoni njia ya Nairobi, ni nyumbani kwake kwa pili. Alifika na koti refu la sufu na kofia ya ngozi ya kondoo, zile zinazouzwa na vijana kwenye mteremko, manyoya hadi masikioni.

"Sister, huyu mtoto akienda vile alivyo ataganda," aliniambia.

"Kule mtu hagandi," nilimjibu. "Kule mtu anaoza."

Nililitundika koti lake kwenye kamba, nikalimwagia ndoo ya maji. Likanywa yote. Ile kofia ilinuka kondoo aliyekufa jana. Kaka yangu alisimama pale anatazama zawadi yake ikichuruzika, akasema mimi tangu utoto nina roho mbaya. Nikaingia kibandani nikatoa jaketi nililokuwa nimelificha chini ya meza tangu robota lifunguliwe, jaketi jembamba la rangi ya nyasi, mishono yake imezibwa kwa utepe kwa ndani. Jaketi la mvua linajaribiwa hivi: unaweka mdomo kwenye kitambaa unapuliza, halafu unamwaga kikombe cha maji mahali pale pale. Maji yalikusanyika juu yakabiringika chini. Ndani palibaki pakavu. "Hili ndilo koti la kule," nikasema. "Chini yake sweta mbili nyepesi, basi."

Jaketi lilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kumtoa binti yangu chini ya varanda.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mvua zilipoanza, kila ilipopiga nilimwambia, "Inuka twende." Tunavaa gambuti za mpira; viatu vizuri na soksi kavu tunavifunga ndani ya mfuko, tunatoka. Tunakwenda hadi soko la Kaptembwo, tunageuka, tunarudi. Mtaa mzima uko chini ya varanda unatutazama. Mwanzoni walidhani tumefiwa. Baadaye wakaanza kutuita.

"Mathe, ni nini hiyo inawasukuma? Si mngoje iishe!"

"Wewe ngoja," nilikuwa nawajibu. "Sisi tuna safari."

"Safari ya wapi na hamjabeba kitu?"

Binti yangu alikuwa anatembea amejiinamia ndani ya kofia ya jaketi kwa aibu. Kila tukifika mbele ya kinu cha kusaga unga, alikuwa na wimbo wake uleule. "Mum, si tungoje kidogo ipungue?" Nami nina jibu langu lilelile, kwamba haipungui, na mguu mbele. Wiki ya tatu akakataa. Aliingia chini ya varanda ya kinu, mbele ya watu kumi, akaniambia kwa sauti, "Interview ni ya nursing, Mum. Si ya kutembea kwa mvua kama wazimu. Umekuwa ukiniaibisha kila siku na hata huniambii ni kwa nini."

Nilipandwa na hasira kiasi kwamba nilirudi nyumbani peke yangu, na njia nzima nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo. Lakini alikuwa na haki. Alipoingia nyumbani nikamkalisha nikamwambia yote: kituo cha basi, barua, yule bibi aliyekaa na nguo mbichi akiniita. Nikamwambia kandarasi haikuisha, nilifukuzwa. Sikulia. Nilisema haraka haraka nikitazama jiko, kama mtu anayemeza dawa chungu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikamwambia, na mimi ulimwengu ulinifunza vizuri, sitaki ukufunze na wewe.

Aliniwekea chai. Siku iliyofuata nilikuwa nimejinyoosha kidogo mchana, akaja akanitikisa bega. "Mum, imeanza," akasema. Alikuwa ameshavaa gambuti.

Siku yenyewe ikafika. Tulikuwa tumepanga kutoka saa saba. Saa saba kasorobo mbingu zikafunguka, na sisemi kwa kutia chumvi. Ilikuja na mawe. Barafu ilipiga mabati mpaka paka akaingia chini ya kitanda. Nilichungulia mlangoni, barabara imegeuka mto wa maji mekundu, hakuna bodaboda, hakuna gari, hakuna hata mbwa. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amesuka nywele upya, vyeti vyake viko ndani ya faili ya plastiki, ndani ya jaketi, amevikumbatia. Nikaona jinsi maji yatakavyomharibu. Na mimi, niliyemburuta mtoto wa watu mwezi mzima mbele ya Rhonda yote, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tungoje kidogo ipungue."

Niliyasema mwenyewe, kwa ulimi wangu.

Akanigeukia. Sikuwahi kumwona na macho yale. "Mum," akasema, "hii ndiyo ile mvua ya kituo cha basi. Mimi siingoji." Akavuta kofia ya jaketi, akafungua mlango, akatoka. Nikachukua gambuti zangu nikamfuata. Ningefanya nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tulitembea saa moja na dakika arobaini. Barafu iliisha tulipofika barabara kubwa, mvua ikabaki, nzito. Tulipita mbele ya kila varanda iliyojaa watu kutoka Kaptembwo hadi mjini, na hakuna mtu mmoja aliyekuwa akitembea ila sisi. Mahali pamoja maji yalinifika magotini, binti yangu akanishika mkono akanivusha, na nilijua katika saa ile kwamba sasa yeye ndiye anayeongoza. Nilifurahi. Nililowa hadi mifupa na nilikuwa nacheka peke yangu.

Askari wa lango la hoteli alitoka kwenye kijumba chake mdomo wazi. "Mathe, mmetoka wapi na hii mvua?"

"Rhonda. Choo kiko wapi?"

Saa tisa kasoro dakika tano alitoka chooni na sketi kavu, soksi kavu, viatu vyeusi vinang'aa, vyeti havina hata tone. Akaingia ukumbini. Mimi nilibaki kwenye korido, maji yananitiririka sakafuni, mhudumu ananizunguka na kitambaa cha kudekia bila kuthubutu kuniambia lolote. Viti vya kungojea vilikuwa vinane. Mwombaji mwingine aliyekuwa amefika ni kijana mmoja aliyesema analala jirani, naye akaingia. Saa tisa kamili mama mmoja wa wale wageni alichungulia nje, akageuka akahesabu vichwa viwili ndani, akafunga mlango. Hakutazama hata dirishani.

Wenzao walifika kuanzia saa kumi, jua likiwa limetoka. Walikuwa wakavu, nadhifu, wamejipaka mafuta, na kila mmoja alisema neno moja kwa askari: mvua. Niliwaonea huruma, kwa sababu nilikuwa nikijiona mimi. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema huruma ilikuwa kubwa kuliko furaha.

Binti yangu alipotoka aliniambia waliuliza mambo mengi ya kazi, akayajibu. Mwishoni wakamuuliza anatarajia nini kuhusu hali ya hewa ya kwao, maana wengi hufika wakavunjika moyo. Akawaambia haina baridi ya kutisha wala joto la maana, lakini mvua yake haiishi, na mtu anayengoja iishe hafiki kazini. Wakacheka, wakamuuliza amejuaje.

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia ukweli. Kwamba mama yangu alifutwa kazi huko kwa kungoja mvua, akarudi akanifundisha kutembea."

"Umewaambia wageni nilifukuzwa?" Nilipiga kelele mpaka yule mhudumu akasimama na kitambaa chake. Nilitamani kumzaba kofi. Kisha nikaona hakuna kitu kilichoniangukia. Dari ilikuwa palepale. Siri niliyoibeba miaka yote imetajwa ukumbini mbele ya wenye nchi, na mimi bado nimesimama kwenye korido, natiririka maji. Nikaketi kwenye kimoja cha vile viti vinane nikacheka hadi mbavu zikauma.

Walisema watajibu baada ya wiki mbili. Zikapita mbili, zikapita tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli. Nilikuwa naamka nikimsikiliza kama ataimba kwenye vyombo. Haimbi. Nilianza kujiambia kwamba labda hadithi yangu ndiyo iliyomwangusha, kwamba nimemfukuzisha kazi kabla hajaipata.

Alhamisi moja alasiri ilikuwa inapiga tena. Chini ya turubai la kibanda changu walikuwa wamejibana watu kama kumi na watano, katikati ya majaketi yaliyotundikwa, na hakuna anayenunua hata soksi. Nikamwona binti yangu anakuja kutoka mbali, katikati ya barabara, hana jaketi, hana gambuti, viatu vya ndani miguuni. Hakuwa anakimbia. Alifika mbele ya kibanda akasimama nje palepale, mvua inampiga usoni, akasema kitu. Mabati ya jirani yalikuwa yanalia, sikusikia.

"Umesema?"

"Nimepata, Mum! Wamenichukua!"

Sijui nilipitaje katikati ya wale watu. Najua niliangusha jaketi kadhaa na nikamkanyaga mtu, na nikajikuta nje nimemshika mtoto wangu, tunaruka kwenye maji kama vichaa, mimi nalia kwa sauti, yeye analia, na nywele zake zinanimwagia maji kifuani. Nilipiga vigelegele. Wale wa chini ya turubai nao wakaitikia, ingawa hawakujua ni kwa ajili gani, na mzee mmoja akaanza kutupungia mkono kwa wasiwasi.

"Mathe! Mathe, ingieni ndani mtaugua! Ngojeni iishe!"

"Ngojeni nyinyi," nikamwambia, nikamshika binti yangu mkono, tukaenda nyumbani.